Dereva Aliyezima Injini kwa Heshima

Katika watu wote walionikasirisha hapa gereji kwangu Nyasura, na ni wengi, hakuna aliyenichosha kama Bernado Masatu, kwa sababu yeye hagombani. Mteja mwingine akinikorofisha namrushia maneno, ananirudishia, tunamaliza, tunaagiza chai. Bernado ukimfokea anakusikiliza mpaka mwisho, anasema, "Ni kweli, fundi," kisha anakuuliza watoto wameamkaje. Hapo hasira yote inabaki mikononi mwako na huna pa kuiweka.

Mimi ni Muharami, fundi wa injini za dizeli hapa Bunda. Bernado ni dereva wa lori la Samia, yule mama mfanyabiashara wa samaki kule Musoma. Kazi yake ni kubeba barafu kutoka Musoma, kupita hapa kwetu, kuteremka mpaka Kisorya penye kivuko cha Ukerewe, na kurudi na sato na sangara. Kwao ni Majita, rasini, kwa wavuvi wanaolima na wakulima wanaovua, na nadhani huko mtoto hufundishwa kusalimia kabla ya kufundishwa kutembea. Ni mrefu, anafunga vifungo vyote vya shati hata kwenye jua la saa nane, na akipita mlango wowote anainamisha kichwa, hata ukiwa mlango wa kanisa.

Sasa lile lori. Malori niliyojifunzia kazi yalitoa moshi mweusi jinsi yalivyopenda, na aliyekuwa nyuma alifunga kioo. Hili la Samia ni la kizazi kingine. Kwenye bomba la moshi limewekewa chujio la kunasa masizi, na masizi yakijaa, lori lenyewe linayachoma. Anayesimamia shughuli hiyo ni pampu ndogo ya umeme iliyofungwa karibu na tangi. Pampu ni moja, kazi ni mbili. Asubuhi ukifungua swichi, inavuma kidogo huku ikisukuma dizeli kwenye mipira na kutoa upepo, ili injini ikiamka ikute chakula mezani. Halafu mchana, masizi yakijaa, pampu hiyohiyo inapeleka dizeli kidogo kwenye bomba la moshi, inashika moto humo ndani, masizi yanaungua yanaisha. Wakati huo resi ya injini inapanda yenyewe, bomba linapata moto wa kuchomea mahindi, na taa ya njano inawaka mbele ya dereva kumwambia aiache imalize. Muda wake ni kama wa kunywa chai na maandazi mawili. Haihitaji fundi wala maombi. Inahitaji kuachwa.

Kwenye ile kazi ya kwanza ya pampu, Bernado alikuwa bingwa. Madereva wengi ninaowajua wanafungua swichi na kupiga stata papo hapo kana kwamba wanafukuzwa. Kuna deiwaka mmoja, Shija, alilishika lori hilo siku Bernado alipokwenda kwenye ubatizo. Likamkaukia dizeli njiani, akajaza, akapiga stata mfululizo mpaka betri ikafa, wakati mipira yote ilikuwa bado imejaa upepo. Bernado hana haraka hiyo. Anafungua swichi, anaweka mikono magotini, anaisikiliza pampu mpaka inyamaze.

"Huwezi kumwamsha mtu ukamtuma hapohapo, fundi," aliniambia. "Unampaga nafasi aamke kwanza."

Nilimpenda kwa neno hilo. Nikadhani Samia kapata dereva.

Kisha lori likaanza kuletwa kwangu limekosa nguvu. Kwenye mwinuko wa Balili lilikuwa linapitwa na baiskeli. Nikafungua chujio, nikakuta limeziba masizi limekuwa jiwe. Nikalisafisha, nikamrudishia. Baada ya muda si mrefu likarudi na ugonjwa uleule. Nikamuuliza Bernado kama ile taa ya njano huwa inawaka. Akasema inawakaga. Nikamuuliza ikiwaka anafanya nini. Akasema anaiheshimu.

Lilipokuja tena, nilivua ovaroli, nikapanda naye kwenda Kisorya nikaone hiyo heshima kwa macho yangu.

Tulipoipita Bulamba taa ikawaka, mngurumo ukabadilika, nikajua kazi imeanza. Nikajiegemeza kwenye kiti, roho yangu nyeupe. Mbele akatokea mama mtu mzima mwenye ndoo kichwani. Bernado akapunguza mwendo, akaegesha pembeni, akazima injini.

"Umezima nini?" nilimuuliza.

"Injini, fundi."

"Nimeona ni injini. Nauliza kwa nini."

"Nataka kumsalimia mama."

Akateremka kabisa. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, habari za mihogo, habari za yule mgonjwa, habari za mgonjwa mwingine ambaye ni ndugu wa yule wa kwanza. Akarudi, akafungua swichi, akaisubiri pampu kwa adabu zote, akawasha, tukaondoka na masizi yetu. Kibara tukakuta wazee wameketi kwenye benchi nje ya duka, injini ikazimwa. Tukapita penye msiba, injini ikazimwa, tukateremka kutoa pole. Karibu na Kisorya taa ikajaribu bahati yake kwa mara nyingine, tukakutana na katekista.

"Bernado," nilisema, na hapo nilikuwa nimejizuia sana, "hii pampu inakuomba kitu kimoja tu. Ikianza, usiikatize."

"Lakini fundi, utamsalimiaje mtu mzima huku chuma kinakoroma? Atasema nimemdharau."

"Msalimie kwa sauti kubwa."

"Nimpigie kelele mtu mzima?"

Alinitazama kwa masikitiko, akiona nimelelewa vibaya. Tukapakia samaki Kisorya, tukarudi Bunda.

Mtu atauliza kwa nini Samia hakumfukuza. Alijaribu. Alimpigia simu kumwambia kazi imeisha, Bernado akamshukuru kwa muda wote waliofanya kazi pamoja, akamtakia biashara njema, akamuuliza hali ya mguu wake unaomsumbua. Mama wa watu akajikuta anamwambia aje kesho kama kawaida.

Kwa hiyo upole ulimlindia kazi. Ila ulikuwa karibu kumkosesha Rebeka.

Rebeka ni fundi cherehani hapa sokoni Bunda, kwao ni Butiama. Ana mkasi mkali na ulimi wa aina hiyohiyo, na kwa sababu anayoijua mwenyewe alimpenda Bernado, akamwambia aende akamwone baba yake, Mzee Burito. Bernado akaenda peke yake. Alikaa pale tangu chai ya asubuhi mpaka kivuli kikageuka upande. Alisalimia kila mtu, akasifu ng'ombe, akakubali kila alichoambiwa, akaaga, akarudi Bunda. Alichoendea hakukisema. Baadaye Mzee Burito alimuuliza binti yake kama yule kijana alikuwa anauza barafu.

Rebeka alinijia gereji na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Fundi, baba amesema atampokea mara moja tu tena," alisema. "Akiondoka bila neno, basi, asirudi. Na mimi sitamngoja. Nampenda, sikatai, lakini siwezi kuolewa na shikamoo. Wewe una mdomo. Uwe mshenga wake."

"Mimi Mwislamu, nikamposee Mkatoliki?"

"Mdomo hauna dini, fundi."

Nilikubali. Nilikuwa nimemchoka Bernado na nilikuwa nimempenda, vyote kwa pamoja, na wazo la Rebeka kuolewa na mtu mwingine huku huyu bwana akimtakia ndoa njema liliniuma mimi kuliko lilivyoonekana kumuuma yeye. Kumbe nilimkosea hapo. Siku ya safari nilimkuta nyuma ya lori, amevaa suti, anaongea na gurudumu. Alikuwa anafanya mazoezi ya sentensi moja: "Nimemjia Rebeka." Gurudumu aliliambia vizuri tu.

Samia alitupa lori kwa siku nzima, tukapakia kreti za soda, sukari na sato wakubwa waliolazwa kwenye barafu. Tukaingia njia ya Nyamuswa. Butiama ikiwa karibu, taa ya njano ikawaka.

"Sikiliza," nilimwambia. "Chujio limejaa mpaka shingoni. Ukizima leo, mimi nateremka hapahapa, ukajiposee mwenyewe."

"Tuingie ukweni na makelele, fundi?"

"Na makelele yake."

Akaingia nayo, amekunja uso wa huruma. Uani alitupokea shangazi yake Rebeka, Mama Robi, dada mkubwa wa Mzee Burito, mwanamke mwenye fimbo ambayo sikuona akiitumia kutembelea.

"Hilo gari mbona halinyamazi?" aliuliza.

Nikaanza kumweleza habari za masizi, lakini Mzee Burito alikuwa ameshanishika mkono, ananivuta ndani kwa salamu. Nyuma yangu nilisikia fimbo ikigonga ardhi na Mama Robi akitoa amri, ambayo maneno yake niliyajua baadaye.

"Lipeleke kule nyuma kwenye mabua. Lisituzibie mlango."

Mabua ni ya mtama, makavu, yamelundikwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya ng'ombe. Bernado alijua joto la lile bomba, nilikuwa nimemwambia mpaka koo likakauka. Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba neno la kukataa lilifika kabisa mdomoni, likakuta "Sawa, shangazi" imeshatoka. Akalirudisha lori kinyumenyume mpaka pale fimbo ilipoonyesha. Angalau hakuzima.

Tukaketi. Mama Robi akatupa utaratibu wa boma lao kabla hatujapewa hata maji.

"Hapa mgeni wa posa akishakaa hainukagi mpaka mwenye boma amalize kusema. Akiinuka, tunajua amejiondoa mwenyewe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikasema. Bernado akainamisha kichwa.

Mzee Burito akaanza. Jamani, yule mzee anaongea. Alianza na babu yake, akaja kwa baba yake, akasimama kwa muda kwenye mwaka ng'ombe walipopata ugonjwa wa miguu, akarudi tena kwa babu kuchukua kitu alichosahau. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba yangu wiki nzima, nina maneno ya kuingilia na ya kutokea, nangoja apumue nijipenyeze. Hakupumua. Nyuma ya nyumba lori lilikuwa linanguruma kwa resi yake ya juu, na kwa mara ya kwanza tangu nilijue, masizi yalikuwa yanaungua bila mtu kuyakatiza. Nilifurahi kimoyomoyo.

Kisha nikasikia harufu. Pua ya fundi inatenganisha harufu. Dizeli naijua, masizi nayajua, mpira naujua. Hii haikuwa ya gari.

Nikamtazama Bernado. Jasho lilikuwa linamteremka mpaka kwenye kola. Naye alikuwa ameinusa, na alijua kuliko mimi, kwa sababu mimi sikujua lori limeegeshwa kwenye mabua. Nikainua makalio kidogo kwenye kiti.

"Mshenga," alisema Mama Robi, fimbo ikagonga sakafu.

Nikayarudisha. Mtasema ningekimbia tu. Ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwako. Pale nilikuwa nimeshika ndoa ya mtu mikononi, na sikuwa na uhakika kama ni jiko la jirani au ni sisi. Nikamwonyesha Bernado mlango kwa macho. Yeye akanionyesha mzee kwa macho.

"Baba," alisema Bernado, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Mzee Burito alikuwa kwenye ng'ombe mwekundu wa mwaka ule.

"Baba," alisema tena.

Ng'ombe mwekundu akapona, akazaa.

Hapo Bernado Masatu akasimama. Alisimama urefu wake wote, ambao nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuutumia ndani ya nyumba.

"Mzee, nyamaza kwanza," alisema. "Mabua yanaungua. Shangazi alinielekeza vibaya, na mimi nilijua, nikakubali tu. Leteni maji."

Akatoka mbio bila kuinamisha kichwa, akajigonga kwenye fremu ya mlango, hakujali. Tukamfuata wote. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa umeanza kupanda na ukingo wa rundo ulikuwa umeshika, moto mdogo bado, lakini upepo ulikuwa unaelekea kwenye zizi. Bernado akaruka ndani ya lori, akalisogeza mpaka katikati ya uwanja mtupu usio na jani hata moja, akaliacha pale likinguruma, akavua koti la suti akaanza kupiga moto nalo. Rebeka, aliyekuwa ametangulia kwao tangu jana yake, alitoka jikoni na ndoo, mimi nikachukua nyingine, kuku wakapita katikati yetu wakilalamika. Mama Robi alikuwa anavuta mabua yasiyoshika kwa fimbo yake, na niseme kwa haki, alifanya kazi ya watu wawili.

Ulizimika. Ikabaki doa jeusi ardhini na koti ambalo Rebeka mwenyewe, pamoja na cherehani yake, hataliponya.

Bernado hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, mikono myeusi, vifungo vimekatika, bonge limemvimba kwenye paji la uso.

"Nimekukatiza, baba," alisema. "Tena nimekwambia unyamaze. Na shangazi alishasema anayeinuka amejiondoa. Nimeelewa. Naomba niage."

Nilitaka kulia, kweli kabisa. Nikafungua mdomo, ule mdomo wangu ulioletwa Butiama kwa kazi maalumu, na hamkuwa na kitu ndani yake. Jikoni nilisikia ndoo ikiwekwa chini taratibu.

"Kaa," alisema Mzee Burito.

Bernado akaangalia huku na huku kutafuta anayeambiwa.

"Wewe. Kaa. Nikwambie kitu. Ulipokuja mara ya kwanza nilikwambia leo jua kali, ukasema kali sana baba. Nikakaa kidogo nikakwambia leo baridi, ukasema kweli kuna kabaridi. Nikasema moyoni, binti yangu hapa haendi. Huyu nyumba ikishika moto naye amekaa na mtu mzima, atangoja salamu ziishe. Leo nilikuwa naongea mpaka uchoke uondoke. Babu yangu mwenyewe sijawahi kumzungumzia hivyo."

Mama Robi akakohoa. "Na yule ng'ombe mwekundu hakupona," alisema.

"Hakupona," mzee akakubali. "Sasa sema ulichojia. Wewe mwenyewe. Mshenga wako apumzike."

Hotuba yangu ya wiki nzima ikafia hapo. Nje lori likiwa bado linapiga kelele, Bernado alilazimika kupaza sauti mbele ya mtu mzima, jambo aliloniambia siku ile ya Kisorya kwamba haliwezekani.

"Nimemjia Rebeka," alisema, na nadhani walisikia mpaka barabarani. "Nataka kumuoa. Na leo kuna jua, baba. Hakuna baridi."

Mzee Burito alicheka mpaka akashika mbavu. Tukiwa bado tunacheka, kule uwanjani resi ikashuka yenyewe, injini ikarudi kwenye mngurumo wake wa kawaida, wa chini, wa lori lililopumua.

"Limekuwaje?" mzee aliuliza.

"Limemaliza, baba," alisema Bernado.

"Haya. Na mimi nimemaliza. Mwiteni binti."

Rebeka akaja kutoka jikoni na masizi shavuni, akapiga goti. Mama Robi akamuuliza kama wanavyoulizwa mabinti wote mbele ya wazee: huyu mgeni aliyeko hapa, unamfahamu?

Rebeka alimtazama Bernado kuanzia viatu mpaka lile bonge la kichwani.

"Namfahamu siku nyingi," alisema. "Ila sauti yake nimeisikia leo."